Pakacha na Mshenga

Kufikia siku ya tisa tangu maji yapotee, Mbonea Mrutu alikuwa amegundua njia kumi na moja za kutoka nyumbani kwake bila kupita mbele ya mlango wa mtu. Ya kumi na moja ilikatisha ndani ya zizi la mbuzi, na mbuzi wenyewe walikwisha kumzoea, wanampisha kama mgeni rasmi.

Asubuhi hiyo alipita humo, akainama chini ya migomba, akaibukia juu ya mfereji mkuu wa Ndivani. Hapo ndipo mtu anapokiona kijiji chote kwa mara moja: mashamba sitini na mawili yakiteremka mlima wa Upare kama ngazi, na kila shamba na lango lake mferejini. Lango lenyewe ni kibao cha chuma cheusi, ndani yake akili ya ukubwa wa punje ya kunde. Saa ya zamu ya mwenye shamba ikifika, linajifungua. Saa ikipita, linajifunga na kusema, "Ahsante, zamu imekwisha," kwa sauti ya mwalimu wa kwaya aliyestaafu, ambaye tangu siku aliyoazima sauti yake hapati usingizi kwa kusikia anashukuru mlima mzima.

Juu kileleni nyavu za ukungu zilikuwa kazini. Nyembamba kuliko utando wa buibui, hukamua mawingu usiku kucha, na alfajiri ndiva, lile bwawa la kijiji, inakuwa imejaa pomoni. Wapo wanaoapa kwamba mwaka nyavu zilipofungwa, wingu moja lilikamuliwa mpaka likakauka, likaanguka kwenye paa la kanisa kama shuka. Mzee wa kanisa akalikunja, akaliweka kabatini, na hadi leo ukifungua kabati hilo unapiga chafya.

Kwa hiyo maji yalikuwapo. Hilo ndilo lililomuuma Mbonea. Yalikuwapo, mengi, yalishuka mferejini yakiimba, yakapita malango sitini na moja yaliyofumba midomo, yakaingia shamba moja tu. Tangawizi za watu zilikuwa zimekunja majani kama masikio ya mbwa aliyekemewa. Shamba la Mama Senzota lilikuwa ziwa. Maharage yake yalikuwa yanaoza yakiwa wima. Vyura walikuwa wamehamia na koo zao zote, na inasemekana mmoja alikuwa mkubwa kiasi cha kukalia kigoda.

Kijiji kizima kilikuwa na jina kwa mtu afanyaye hivyo. Mla maji. Na Jumamosi, saa nane mchana, mla maji angeitwa mbele ya watu kwenye ghala la tangawizi. Akipatikana na hatia, lango lake lingeng'olewa mwaka mzima.

Mbonea aliliangalia lile ziwa, akaona uso wake ndani yake, akageuka haraka.

*

Mambo yalianzia humohumo ghalani, mwezi mmoja nyuma.

Kijiji kilikuwa kimepata Ubongo. Sanduku la kijani, limewekwa kando ya ndiva, kazi yake kupima ukungu wa kila siku na kugawa maji hata siku ukungu unapokuwa haba. Malango yangekoma kuamua yenyewe; yangeutii Ubongo. Lakini Ubongo ulikuja mtupu kama kibuyu kipya. Ilibidi ujazwe zamu za watu, na zamu hizo zilikuwa ndani ya malango. Nani azihamishe? Fundi Mbonea, aliyefanya kazi ya kumbukumbu za mitambo huko Tanga miaka kumi na minane na kurudi na miwani mbili, moja ya kusomea, moja ya kuvulia mbele za watu.

Vyombo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilizoeleka kwa jina la Pakacha. Unakiweka, kinazoa kila kilichomo ndani ya malango kwa saa ileile, kinakwenda kukimimina kwenye Ubongo, basi. Asubuhi moja kazi imekwisha, unakiosha unakitundika. Cha pili kiliitwa Mshenga. Hiki hakimimini. Kinakaa kati ya pande mbili, kinapeleka neno, kinarudi na jibu, kinakwenda tena, na hakiachi maisha yote. Tatizo lake ni adabu. Ni lazima kitambulishwe kwenye kila lango mwenye shamba akiwa amesimama hapo, na kabla ya kukubali chochote kinauliza: Zamu hii ni ya nani? Amempa nani? Mpaka lini? Malango sitini na mawili, siku arobaini.

"Mimi nasema Mshenga," alisema Bi Nakiete.

Bi Nakiete alikuwa amegawa maji ya Ndivani kwa mdomo miaka ishirini na sita. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili hata anapokunong'oneza.

"Kwa sababu gani, Bi Nakiete?" aliuliza Mwenyekiti Kajiru.

"Kwa sababu zamu zetu hazikai kitako. Leo ni yangu, kesho nimempa mkwe wangu, keshokutwa mkwe kampa mtu anayeoza binti. Hicho kikapu cha fundi kitabeba nini? Kitabeba leo. Na kesho je?"

Mbonea alivua miwani ya kuvulia mbele za watu. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kuuzindua Ubongo, na Mbonea alikwisha kuahidi, tena kwa kidole, kwamba mgeni angekuta kazi tayari.

"Mshenga ni chombo cha watu wasiojua wanachokitaka," alisema. "Na wewe Bi Nakiete, laiti ungekuwa unapakulika, ningekupakua wewe kwanza, tukapumzika."

Kamati ilicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika meza. Bi Nakiete alikusanya kanga yake, na alipofika mlangoni ndipo alipotupa neno bila kugeuka: "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi."

Kicheko kile Mbonea alikuwa anakisikia sasa kila alipoweka kichwa kwenye mto. Si cha wenzake. Chake.

Jumatano iliyofuata alizikwa Kangero, mume wa Mama Senzota, rika lake Mbonea, waliyechunga naye, wakaiba naye miwa, wakachapwa naye kwa fimbo moja. Na Ndivani mtu akifiwa, majirani hawaleti unga na kuni peke yake. Kila mwenye shamba huenda kwenye lango la mfiwa, anaweka kiganja juu ya chuma, anasema, "Zamu yangu nakuachia." Hasemi mpaka lini. Kumhesabia mfiwa siku ni utovu wa adabu kuliko kucheka makaburini. Matanga yakianuliwa, mfiwa mwenyewe huzirudisha, jina kwa jina, na shukrani. Hajawahi kukumbushwa mtu.

Siku ile walipanga foleni watu sitini na mmoja. Wa kwanza kuweka kiganja, machozi yakimdondoka hadi kwenye chuma, alikuwa Mbonea. "Zamu yangu ya Alhamisi, shemeji, nakuachia."

Alhamisi alfajiri, macho bado yamevimba, akalipeleka Pakacha.

Pakacha likazoa kila kilichomo. Na kilichokuwamo saa ile ni hiki: zamu zote sitini na mbili ni za Mama Senzota. Mbonea hakusoma orodha. Alisoma mstari wa mwisho tu, ule unaosomwa na watu wenye haraka: *Malango sitini na mawili. Makosa hakuna.*

Mgeni rasmi alikuja, akakata utepe, akala, akaondoka. Matanga yakaanuliwa. Watu wakakaa malangoni kusubiri maji yao yarudi. Hayakurudi. Siku moja, mbili, tano. Kumwuliza mfiwa, haiwezekani. Wakaanza kuulizana wao kwa wao, na swali linaloulizwa pembeni hurudi likiwa limeota meno.

Siku ya saba Mwenyekiti Kajiru alimbana Mbonea kwenye kona ya ghala. "Fundi, niambie ukweli. Chombo chako kimekosea?"

Hapo Mbonea alikuwa amekwisha kuisoma orodha. Alikuwa anajua.

"Mwenyekiti," alijibu, "chombo kimeandika kile wenye zamu walichokisema kwa midomo yao."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilinuka kuliko uongo.

*

Ijumaa alikwenda kwa Mama Senzota. Alijiambia anakwenda kumjulia hali. Alimkuta kizingitini, suruali za marehemu mumewe zimekunjwa mpaka magotini, ndoo mkononi, anachota maji shambani kwake na kuyamwaga nje ya shamba lake.

"Karibu, shemeji Mbonea. Usikanyage hapo, utazama. Pita kwenye ubao."

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo kidogo. Keti." Alijifuta mikono. Kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kukiri wizi. "Shemeji, wewe ni kama ndugu yake Kangero. Naomba nikuulize jambo, usinicheke. Watu wananipenda hivi kwa nini?"

"Vipi?"

"Maji, baba! Matanga yameanuliwa, bado wananiachia. Nikajua wananionea huruma. Mara ya kwanza nililia. Sasa maharage yananifia, nyumba ina unyevu hadi kitandani, vyura wananiangalia ninapovaa. Lakini nitamwambia nani imetosha? Chakula cha msiba kinarudishwa sufuriani?"

"Na siku ya kuanua, hukuzirudisha?"

"Nilizirudisha! Nilisimama langoni tangu jua linachomoza, nikawataja wote sitini na mmoja. Wewe wa kwanza. 'Mbonea Mrutu, ahsante, Alhamisi yako nimeirudisha.' Lango likaniitikia, 'Nimesikia.'"

Lango lilisikia kweli. Lilisikia na kuandika, na maneno hayo yalikuwa humo hadi leo, yamekaa kama barua isiyo na wa kuipeleka. Malango sasa yaliutii Ubongo, na Ubongo ulikuwa umemiminiwa mara moja tu, hauna sikio. Pakacha halirudi kuuliza.

"Sasa nimeitwa ghalani kesho," Mama Senzota alisema. "Nadhani wanataka kunipa pole ya pamoja. Nitawashukuru pale pale, halafu niwaombe taratibu waache. Unaonaje?"

Hakujua. Mlima mzima ulikuwa unamwita mla maji, naye alikuwa anatafuta maneno ya kushukuru. Hapo ndipo Mbonea angesema. Ulimi aliuinua. Akaona koti la Kangero kwenye msumari ukutani, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na Kangero alikuwa haogopi kuchapwa, siku zote alikuwa anasema "ni mimi" kabla mwalimu hajauliza.

"Unaona vizuri, shemeji," alisema Mbonea, akaaga.

*

Mchana huohuo alipanda hadi kwenye ndiva. Alikuwa na nakala ya zamu za mwaka uliopita. Pakacha mara moja zaidi, na kila mtu angepata maji kabla ya jioni. Nani angejua? Tangawizi zingeinua masikio, watu wangefurahi, na mkutano ungekosa la kusema.

Alimimina. *Malango sitini na mawili. Makosa hakuna.*

Kote mlimani malango yakapiga kope. Maji yakaingia mashambani, watoto wakapiga kelele, mtu akapiga sufuria. Mbonea alikaa kando ya Ubongo akisubiri moyo wake ushuke mahali pake. Haukushuka. Aliona tu kwamba mikono yake ni misafi sana.

*

Ghala lilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia. Mama Senzota alikuja na kanga mpya, akaketi mbele, akatabasamu kwa kila aliyemtazama. Wachache walimtazama.

"Mama Senzota," alianza Mwenyekiti Kajiru, "jana saa tisa maji yamerudi kwa wenyewe. Siku moja kabla ya mkutano."

"Namshukuru Mungu," alisema.

"Lo!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye magunia. "Kumbe anajua kurudisha akisikia ameitwa!"

"Aliogopa kung'olewa lango," mwingine akadakia.

"Siku tisa, mama! Tangawizi yangu imekuwa ugoro!"

Tabasamu la Mama Senzota lilikaa usoni kwa muda baada ya furaha yenyewe kuondoka. Aliwatazama mmoja mmoja. Mbonea, aliyekaa nyuma ya nguzo, aliona anavyoelewa: kwamba yale maji hayakuwa huruma, kwamba siku zote zile akilia kwa shukrani, wenzake walikuwa wanamhesabu mwizi. Na aliona jambo jingine. Ule mmimino wake wa jana, ule wa kuficha, ndio uliokuwa umegeuka ushahidi. Maji yasingerudi jana, pengine wangemwuliza. Sasa hawakuwa na la kuuliza.

Mama Senzota alisimama.

"Ndugu zangu," alisema, "sikujua. Lakini kama mmekaa na kiu kwa ajili yangu, nisameheni. Chukueni lango. Nisameheni tu."

"Ni mimi," alisema Mbonea.

Ilitoka ndogo. Bi Nakiete ndiye peke yake aliyeisikia. "Nani huyo ananong'ona nguzoni kama panya? Simama!"

Mbonea alisimama. Akavua miwani, ile ya kusomea, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, na nyuso zote zikawa ukungu, akashukuru kwa hilo.

"Ni mimi. Nilizoa zamu siku ya pili ya msiba. Wote mlikuwa mmemwachia, nami nikiwamo. Sikusoma. Yeye alizirudisha, lango limeandika, Ubongo hausikii. Mwenyekiti uliponiuliza nilikuwa najua. Na jana ni mimi niliyerudisha maji kimyakimya, ili nisije nikasimama hapa."

Kisha Bi Nakiete akasema, "Basi ndiyo maana asubuhi lango limeniambia nina zamu mbili, yangu na ya shangazi yangu Nasero. Shangazi Nasero tumemzika mwezi wa tatu!"

"Mimi limenipa zamu ya mke niliyemwacha!" akalia mtu wa magunia.

Watu waliangua kicheko, kikubwa, cha kumwagika, na safari hii Mbonea alijua kinacheka nani. Alisimama ndani yake kama mtu aliyenyeshewa. Mama Senzota hakucheka. Alikuwa anamtazama, na hakusema hata "shemeji."

"Kile chombo kingine kiko wapi?" aliuliza Bi Nakiete kicheko kilipopungua.

"Kipo hapahapa. Chini ya magunia."

"Kitoe. Na kesho baada ya ibada kila mtu asimame langoni kwake."

*

Mshenga ulikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye mikanda ya kuvaa mgongoni. Jumapili alasiri Mbonea aliuvaa, akasimama kwenye lango la kwanza, juu kabisa, Bi Nakiete ubavuni kwake na fimbo ambayo hakuhitaji kutembelea.

"Hodi," ulisema Mshenga kwa sauti ya upole, ya mtu aliyetumwa posa. "Sianzi kazi bila kusema nimetumwa na nani, na kwa nini. Hodi hii itapita malango yote. Sema."

"Yote?" aliuliza Mbonea.

"Ulidhani utasema kwa mbuzi?" alisema Bi Nakiete.

Mbonea alisema. Alisema jina lake na la baba yake. Akasema, nimetumwa na kosa langu. Nilizoa bila kuuliza, nikajua nikanyamaza, nikamwacha mfiwa abebe.

Mshenga ukapeleka. Lango la kwanza likayasema yale maneno, la pili likayapokea, la tatu. Aliyasikia yakishuka mlima ngazi kwa ngazi, kwa ile sauti ya mwalimu wa kwaya, *nikajua nikanyamaza, nikajua nikanyamaza*, yakipita migomba, yakipita zizi la mbuzi, mpaka chini kabisa yakawa madogo kama mlio wa chiriku. Watu walisimama kila mmoja langoni kwake. Njia ya kumi na mbili ya kukwepa haikuwapo.

Kisha majibu yakaanza kupanda, maana Mshenga hauendi bila kurudi.

"Lango la tisa linasema: aje na jembe," ulisema Mshenga. "Lango la ishirini na tatu linasema: mke niliyemwacha abaki na zamu yake, nilimwonea. Lango la thelathini halina la kusema, linacheka."

Bi Nakiete alikohoa kuficha kicheko, akatazama pembeni.

Jibu la shamba la ziwa lilichelewa. Mbonea alimwona Mama Senzota chini kule, mdogo, ndani ya suruali za Kangero, ameinama langoni, anyanyuka, ainama tena. Alitamani amtukane. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, angelipokea kama maji.

"Lango la arobaini na nne," ulisema Mshenga. "Namkunda, mjane wa Kangero, anasema: Mbonea Mrutu, ahsante, Alhamisi yako nimeirudisha." Ukaongeza kwa adabu ileile: "Anauliza kama safari hii umesikia."

Mshenga ulisubiri mgongoni kwake. Hauwezi kuendelea bila jibu; ndivyo ulivyotengenezwa. Bi Nakiete alisubiri. Mlima mzima ulisubiri.

"Nimesikia," alisema, na akayasikia maneno yakianza kushuka.